Mgeni akisema "I'm fine", mwongezee chai au uache?

Dada mmoja anayehudumia wageni katika nyumba ya kulala wageni mtaani Milimani, Kisumu, ameniletea swali hili:

"Mwalimu, juzi asubuhi mzee mmoja kutoka Uingereza alikuwa amemaliza kikombe chake cha chai. Nikamwuliza kwa Kiingereza kama nimwongezee. Akanijibu, 'I'm fine.' Nikafurahi kuwa hajambo, nikamjazia kikombe hadi juu. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, kisha akanywa kidogo kidogo kama mtu anayekunywa dawa. Jioni nikamwandikia meneja kumwomba anibadilishie zamu ya Jumamosi. Akarudisha neno moja tu, 'Fine.', pamoja na nukta yake. Sijui amekubali au amenuna. Nafika nyumbani, kijana wangu wa gredi ya sita ananionyesha daftari: ameandika 'I am very fine' na mwalimu wake ameikata kwa kalamu nyekundu. Neno hili lina mambo mangapi? Na ndilo neno la kwanza la Kiingereza tuliloimbishwa shuleni!"

Dada yangu, pole kwa hiyo chai. Mzee hakuwa akikupa habari za afya yake. Alikuwa akisema imetosha. Sentensi yake kamili ingekuwa "I'm fine as I am", yaani niko sawa hivi nilivyo, usihangaike. Mkia umekatwa, kimebaki kichwa. Ndiyo maana siri ya jibu lake unaikuta kwenye swali lako. Ukimwuliza mtu hali yake, "I'm fine" ni sijambo. Ukimpa kitu, kiwe chai, mkate, mwavuli au kiti cha kukalia, "I'm fine" ni hapana, asante. Maneno ni yale yale, sauti ni ile ile, na mara nyingi ile "no" yenyewe haitamkwi kabisa, kwa sababu kwao kukataa waziwazi kitu ulichopewa kwa mkono mwema kunaonekana ukavu.

Sisi tuna njia yetu ya kukataa. Ukikaribishwa chai Nyalenda unasema "nimeshiba", unashukuru, na mwenye nyumba anakuongezea vilevile, maana "nimeshiba" ya kwanza haihesabiwi. Lakini hata sisi tunabadilika. Mpe kijana wa Kondele soda leo, atakujibu "niko sawa". Nyanya yake anashangaa: "Najua uko sawa, nimekuuliza utakunywa?" Hiyo "niko sawa" ni "I'm fine" iliyovaa kanzu. Kwa hiyo usijilaumu sana. Ulichomfanyia yule mzee ndicho ambacho nyanya wa Kondele angemfanyia mjukuu wake.

Kazini tazama mkono wa mgeni. Anayetaka chai husogeza kikombe mbele. Asiyetaka hukifunika kwa kiganja, au huegemea nyuma ya kiti. Ukibaki na shaka, weka birika mezani useme "I'll leave the pot here", kisha uende zako. Hapo hata ukikosea hujakosea.

Na kwa kuwa wageni wako si Waingereza peke yao, kuna jingine la kujua mapema. Mmarekani ukimgusa kwa sinia bahati mbaya ukasema "sorry", anaweza kukujibu "You're fine." Usione haya, hakusifii sura. Anasema hamna neno. Lakini Wamarekani haohao, hasa vijana, wanaweza kusema "She's fine" wakimaanisha mwanamke huyo ni mrembo kweli, na wewe mwenyewe umesikia "fine boy" kwenye filamu za Nigeria, kijana mtanashati aliyenyoa vizuri. Utazitofautishaje? Kama umetangulia kuomba radhi, ni hamna neno. Kama hukuomba radhi na anatabasamu kupita kiasi, nenda kamwite mwenzako ahudumie meza hiyo.

Sasa niruke hadi kwa kijana wako, kwa sababu kosa lake ndilo linalofungua neno zima.

Kuna "fine" mbili ambazo hazipendani, ingawa zimetoka tumbo moja. Moja husifu kwa nguvu. Nyingine inasema tu kwamba hakuna tatizo. Ukisema "a fine teacher" umemvika mwalimu koja: ni hodari, ni wa kupigiwa mfano. Ukisema "the teacher is fine" umesema hajambo, hakuumia, au kwamba anafaa tu, hatuna haja ya kumtafuta mwingine. "Fine wine" ni divai ya bei. "The wine is fine" ni divai isiyo na kasoro, lete tu. Angalia neno lilipokaa. Likitangulia jina linalolisifia, kwa kawaida linapandisha. Likija nyuma, baada ya "is" au "am", kwa kawaida linasawazisha tu. Mgeni akikuambia "That was a fine breakfast", mpelekee mpishi salamu. Akisema "Breakfast was fine" huku akitafuta funguo mfukoni, usimpelekee mpishi chochote. Kaulize yai lilikuwaje.

Ile fine ya kusifu ina vipimo, kwa hiyo inakubali "very". "A very fine teacher" ni sawa kabisa. Fine ya hakuna tatizo haina ngazi za kupanda, kwa sababu tatizo ama lipo ama halipo. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuelewa kuliko sarufi yoyote ya Kiingereza. Sisi tukiulizwa hujambo tunajibu sijambo, yaani sina jambo, halipo. Sikioni mwangu "sijambo sana" inakwaruza, lakini "sijambo kabisa" inapita vizuri, kwa kuwa kabisa inafunga tu kile ambacho tayari kimekosekana. Kiingereza nacho ni hivyohivyo: wanasema "perfectly fine", "absolutely fine", "just fine". Wakitaka "very", wanabadilisha neno: "I'm very well, thank you."

Je, kalamu nyekundu ilistahili? Kwa Kiingereza cha mtihani, ndiyo. Lakini Wakenya wengi husema "I am very fine" na hakuna anayekosa kuwaelewa. Mimi ningeweka alama ya kuuliza pembeni nimwite kijana mezani. Kukata bila kueleza kunamfundisha mtoto kuogopa neno tu. Mwambie pia asijaribu kulirekebisha kwa kuongeza "-ly" kila mahali. Pikipiki "is running fine", haiendi "finely". Hiyo "finely" ina kazi yake jikoni: "finely chopped onions", vitunguu vilivyokatwakatwa vidogo vidogo hadi vinapotea kwenye mchuzi.

Umetaja kuimbishwa. Nilifundisha darasa la tatu miaka mingi, upande wa Vihiga, na kila asubuhi ilianza vilevile. "How are you, class?" Nao, wote, kwa sauti ya kwaya: "We are fine, thank you, teacher!" Asubuhi moja kulikuwa na mvulana dawati la nyuma, sweta limefungwa hadi kidevuni, meno yanagongana kwa homa. Alisimama na wenzake, akaimba "we are fine" hadi neno la mwisho, akaketi, akalaza kichwa mezani. Alikuwa na malaria. Hakuwa ameficha kitu. Hakuna aliyemfundisha kwamba lile ni swali. Kwake lilikuwa wimbo, na wimbo haukatizwi katikati.

Ingawa, tukisema kweli, hata salamu zetu hazikimbilii ukweli. "Habari ya nyumbani?" "Nzuri." Kisha unavutiwa kiti, chai inamiminwa, ndipo unaposikia: "Nzuri, ila mzee yuko wodini tangu Jumanne." Mjaluo anakuambia "adhi maber", ninaendelea vizuri. Mluhya anakurudishia "mulembe muno", amani tele. Mkalenjin "chamgei mising". Shida husubiri zamu yake. Mwingereza hufunga mlango hapohapo kwa "fine", nasi tunauacha wazi kwa "ila". Ukiwa na mgeni anayesema fine huku uso umesinyaa, usimwulize tena "How are you?", maana utapata fine ya pili. Mwulize jambo lenye umbo: "Did you sleep?" Hapo utasikia habari ya mbu.

Mzizi wa neno ni Kilatini, *finis*, yaani mwisho au mpaka. Kifaransa cha zamani kikafanya *fin*, kitu kilichofikishwa mwisho wa ubora wake, na Kiingereza kikalichukua huko mnamo karne ya 13. Kilichokamilishwa ni kilichosafishwa, kilichosafishwa hakina takataka, kisicho na takataka ni laini, na kilicho laini ni chembamba. Ndiyo njia ambayo neno moja lilipita kutoka mwisho hadi unga. Usichukue asili ya neno kama sheria ya matumizi yake, wengi wamepotea hivyo. Lakini kwa neno hili asili inaeleza mengi.

Nenda kwenye kinu cha kusaga pale Kibuye. Mwenye kinu anakuuliza: laini au ya kawaida? Laini ndiyo "fine", na kinyume chake ni "coarse". Akibadilisha chekeche akaweka ya matundu madogo, unga wa wimbi unatoka kama poda, uji hauna punje hata moja ulimini. Hapa "fine" haisifu wala haisawazishi. Inapima. Na kwa kuwa inapima, "very fine" inaruhusiwa tena, na "finer" na "finest" pia. Fundi wa mawe ya sabuni kule Tabaka, Kisii, anaijua maana hii kwa vidole. Huanza na msasa wa kukwaruza, halafu wa kati, halafu ule laini, akisugua kinyago ndani ya maji hadi jiwe lishike mng'ao. Namba nyuma ya karatasi ya msasa huwachanganya wanagenzi, kwa sababu kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Wa 60 unang'oa, wa 400 unabembeleza. Wa 400 ndio "fine". Na msasa wenyewe, nikitoka njiani kidogo, ni mti kabla ya kuwa karatasi. Majani yake yanakwaruza, na wazee waliyatumia kusugulia mbao kabla ya duka la vifaa vya ujenzi kufika kijijini.

Wakulima wa chai wa Nandi na wa Vihiga nao wana "fine" yao. "Fine plucking" ni kuchuma majani mawili na chipukizi lake, basi. Ukishuka kwenye jani la tatu na la nne, lile gumu, umeingia kwenye "coarse", na karani wa kituo cha kununulia anatia mkono kapuni, anatoa kikonyo kimoja kigumu, anakuinulia mbele ya watu wote. Hakuhitaji Kiingereza kukuaibisha.

Dhahabu ndiyo iliyo karibu zaidi na maana ya zamani. Miaka ya 1930 Wazungu walimiminika Kakamega wakiitafuta, na hadi leo kuna wachimbaji wadogo Ikolomani wanaoosha udongo. Mnunuzi anataka kujua usafi wa dhahabu, na usafi huo kwa Kiingereza huitwa "fineness", hesabu ya sehemu ngapi kati ya 1,000 ni dhahabu tupu. Pete iliyopigwa muhuri wa 750 ina sehemu 750 za dhahabu na 250 za madini mengine, ndiyo karati 18. Ya 999 ndiyo "fine gold". Fine hapo haina habari ya wembamba. Ni usafi peke yake.

Kuna mahali fine ni mbaya, na watu hupotoshwa na sauti yake nzuri. Moshi wa kuni una chembe ambazo wanasayansi huziita "fine particles", zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko chembe hizo mara ishirini au zaidi. Vumbi kubwa hunaswa puani ukapiga chafya likatoka, lakini hizi hupita hadi ndani kabisa ya mapafu. Nimewahi kumsikia mtu akitafsiri "fine dust" kuwa "vumbi zuri". Kwenye kikao cha afya ya kina mama wanaopikia kuni! Vumbi laini, bwana, vumbi jembamba. Si zuri hata kidogo.

Kwa hiyo ukitafsiri, usishike neno moja la Kiswahili ukalibandika kila mahali. Unga ni laini. Nyuzi na ncha ya kalamu ni nyembamba. Maandishi ya "fine print" chini ya mkataba ni madogo, yale unayosaini bila kusoma kisha unalia. Siku ni ya jua, "a fine day", ingawa mkulima wa Nyando aliyengoja mvua tangu Januari ana maoni yake kuhusu siku njema. Na mama akikuta mtoto amemwaga maziwa akasema "That's a fine mess", hapo hata sisi tunasema "kazi nzuri hiyo!" na kila mtu anajua fimbo iko karibu.

Halafu kuna faini. Ndugu yake, kutoka *finis* ileile. Zamani, katika mahakama za Ulaya, malipo ya kumaliza shauri yaliitwa mwisho, kwa sababu ukilipa kesi imekwisha. Kiingereza kikalifanya "fine", nasi tukalichukua tukalitia irabu. Mvuvi wa Dunga anaweza kukutana na ndugu wote wawili asubuhi moja. Sheria inaweka kipimo ambacho macho ya wavu wa mbuta hayaruhusiwi kupungua. Akiingia ziwani na wavu wa macho madogo, "a fine net", akanaswa, analipa "a fine". Na neno hilohilo likiwa kwenye karatasi ya nota za muziki, mwishoni mwa mstari, halisomwi fain wala halina uhusiano na afya ya mwimbaji. Ni Kiitaliano, husomwa fi-ne, na maana yake ni mwisho. Nilimwona mwalimu wa kwaya akiwapongeza waimbaji kwa sababu aliona limeandikwa pale, akidhani mtunzi amewasifia.

Sasa meneja wako. Umeomba, amesema "Fine." Kwa maana ya neno amekubali. Hakuna Kiingereza ambamo "Fine." ni hapana kwa mtu aliyeomba ruhusa. Swali lako ni la moyo wake, na hapo unakutana na ile nukta. Usoni mwa mtu "fine" husikika kwa sauti: ikipanda ni kukubali kwa furaha, ikishuka ni kukubali kwa kuchoka, ikikatwa ghafla ni kukubali kwa hasira. Kwenye simu sauti haipo, basi watu wanaisoma kwenye nukta. Vijana huandika "fine" bila nukta, au "that's fine", wakiona nukta wanasikia mlango ukipigwa. Mtu wa umri wangu anaweka nukta kwa sababu sentensi imekwisha, alichapwa viboko kwa kuisahau. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujiuliza ni umri wa meneja. La pili ni kama huweka nukta kwenye kila ujumbe. Rudi nyuma utazame. Kama zote zina nukta, lala usingizi.

Ni kama "haya" yetu. "Haya!" ya mama anayekuita mezani na "haya" ya mume aliyeshindwa hoja ni neno moja, na hujawahi kuzichanganya kwa sababu ulikuwa chumbani na mwenye kusema. Ukipata "Haya." kwenye simu, unaanza kupiga hesabu za makosa yako ya wiki nzima. Wakati mwingine mwenzio alikuwa anapanda matatu tu, mkono mmoja umeshika begi.

Usimwulize meneja kama amekasirika. Mtu anayeulizwa hivyo kwa Kiingereza atakujibu "I'm fine", na tutarudi pale pale tulipoanza. Mshukuru, kisha mpe swali ambalo "fine" haiwezi kulijibu peke yake: "Thank you. So who takes my Saturday?" Atataja jina. Akitaja jina, zamu imebadilishwa kweli, awe amenuna au hakununa. Na kama ikifika Ijumaa jioni jina lako bado liko kwenye karatasi ya zamu pale ukutani, niandikie tena, ila safari hiyo usiniulize maana ya neno.